Pima hali ya hewa ya shamba lako la matunda, kona kwa kona: mwongozo kwa wakulima wa Dar

Maswali ni yale yale kila mwaka. Aprili: "Mipapai ya upande wa chini inanyauka na mvua inanyesha, inawezekanaje?" Julai: "Mwembe wa jirani umejaa maua, wangu unatoa majani mapya tu." Januari: "Namwagilia kila siku lakini michungwa ya ukutani inakunja majani." Muulizaji mara nyingi anaishi Sinza au Tabata, nusu eka yake iko Chanika, Kibada, Kibamba au Mbezi Makabe, na hali ya hewa anaisoma kwenye simu.

Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ni wa kuaminika kwa kazi yake, yaani kukueleza hewa ya eneo kubwa. Ila shambani kwako kuna ukuta wa tofali, kuna bati, kuna mteremko, kuna mwembe wa zamani uliotanda. Kila kimoja kinajitengenezea hewa yake. Tena hewa hizo hubadilishana zamu: kona inayookoa miche Januari ndiyo inayoiozesha Aprili. Ukishaijua zamu hiyo, nusu ya maswali hapo juu unajijibu mwenyewe.

Andaa hivi kwanza

- Vipimajoto vitatu vya dijitali, vile vidogo vinavyoonyesha joto na unyevu na kutunza kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini. Kariakoo vipo, na wauza vifaa vya kuku huwa navyo kwa ajili ya vifaranga.
- Makopo mawili yanayolingana, pande zimenyooka kutoka juu hadi chini (kopo la maziwa ya unga linafaa), na rula.
- Sahani nyeupe za plastiki, waya mgumu, na mpira wa maji uliochakaa.
- Vijiti virefu na kanga iliyochoka ya kuchana vipande.
- Chepe, tishu, kaunta buku na penseli. Kalamu ya wino itakuudhi daftari likiloa.
- Simu yenye dira.
- Mtu anayelala shambani, au jirani mwaminifu, kama wewe unakwenda Jumamosi tu.

Usinunue mtambo wa gharama kwa sasa. Ukipima mwaka mzima kwa hivi vya bei ndogo ndipo utajua kama kuna kitu cha zaidi unachokihitaji, na wengi hawakihitaji.

Hatua kwa hatua

1. Chora shamba kwa miguu. Tembea mpaka hadi mpaka ukiwa na daftari. Weka alama kwenye ukuta na uandike unatazama wapi, nyumba na bati lake, tanki la maji, miti mikubwa (ya jirani pia, kivuli hakina hati ya kiwanja), na sehemu ya juu na ya chini ya mteremko. Hakikisha kaskazini kwa dira.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea kwa sababu wamesoma miongozo ya nchi za mbali. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita upande wa kusini, kisha linahamia kaskazini hadi Oktoba tena. Chukua ukuta wa mita 2 uliotoka mashariki kwenda magharibi. Juni, saa sita na nusu mchana, kivuli chake kinaanguka upande wa kusini, karibu mita 1.2. Desemba kinaanguka upande wa kaskazini, kama sentimita 60 tu. Mche uliofurahia kivuli chako cha Juni, Desemba unachomwa jua moja kwa moja. Upande wa magharibi haubadiliki: jua la alasiri linaupiga kila mwezi, na tofali linaendelea kutoa joto hata baada ya magharibi kuingia.

2. Chagua vituo vitatu. Kimoja sehemu ya wazi, kimoja pale unapohisi pana joto zaidi (mara nyingi upande wa magharibi wa ukuta au karibu na bati), na kimoja pale penye ubaridi na unyevu, chini ya mti mkubwa au bondeni. Vipe majina: A, B, C. Piga kigingi ili hata mwezi wa saba urudi mahali pale pale. Kuhamahama na kipimo ndiko kunakofanya takwimu za mwaka mzima zisiwe na maana.

3. Tengeneza kibanda cha kipimajoto. Chukua sahani tano au sita, zigeuze chini juu. Ya juu kabisa iache nzima. Zilizobaki zitoboe katikati tundu la kutosha kipimo kuingia. Zipange moja juu ya nyingine zikiachana kama sentimita 2, ukitenganisha kwa vipande vya mpira wa maji, na upitishe waya pembeni sehemu tatu kuzishika. Kipimo kinaning'inia katikati: upepo unapita, jua na mvua havikigusi. Tundika mita 1.5 kutoka ardhini.

Onyo: kipimo kilichopigwa na jua hakipimi hewa, kinajipima chenyewe. Kinaweza kukuonyesha nyuzi 40 na kitu siku ambayo hewa ni 31. Kukigongelea ukutani ni kosa lile lile, maana hapo unapima tofali.

Kama mwembe wa kituo C una maji moto (wale sisimizi wanaouma), tundika haraka na uvae mikono mirefu. Usiwapulizie dawa. Wale ni walinzi wako dhidi ya wadudu wengi wa matunda.

4. Linganisha vipimo kabla ya kuvitawanya. Viweke vyote mezani, kivulini, usiku kucha. Asubuhi soma. Kimoja kikisema 25.0 na kingine 26.2, bandika selotepu nyuma uandike tofauti hiyo, na uiondoe kila unaposoma. Asilimia za unyevu za vifaa hivi zichukue kwa tahadhari: zinafaa kulinganisha A na C, hazifai kubishana na kituo cha uwanja wa ndege.

5. Weka makopo ya mvua. La kwanza liwe wazi, mbali na mti au ukuta kwa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. La pili chini ya matawi. Tia kijiko cha mafuta ya kula kwenye kila kopo ili maji yasipungue kwa jua, na lishikize kwa mawe. Asubuhi pima kina kwa rula. Milimita 1 ni sawa na lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 4 ukiwa sebuleni inasikika kubwa kwenye bati, lakini kopo la chini ya mwembe uliofunga majani linaweza kubaki karibu kavu. Ndiyo maana mche uliopandwa chini ya mti mkubwa hunyauka wakati wa vuli huku mwenyewe ukiapa kwamba mvua imenyesha.

6. Pima kwa ratiba unayoiweza. Chagua wiki moja ya kawaida katika kila msimu: mwisho wa Januari, katikati ya Aprili, Julai, na mwanzo wa Novemba. Soma mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa nane mchana, vituo vyote ndani ya dakika kumi. Kama shamba liko mbali, futa kumbukumbu ya kipimo Jumamosi na usome cha juu na cha chini Jumamosi inayofuata. Wiki ya tukio kubwa usiihesabu kuwa kawaida yako. Pepo za kimbunga Hidaya, Mei 2024, hazikuambii chochote kuhusu Mei ya kila mwaka.

Ukurasa uwe hivi (namba ni za mfano tu):

Jumanne, saa 8 mchana. A 31.5, B 34, C 29.5. Upepo kutoka kusini, kanga inapepea A, imetulia C. Kopo la wazi 0. Majani C yalikauka saa nne. Mchungwa wa pili kutoka ukutani umekunja majani.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ya thamani kuliko zote. Namba bila mti pembeni yake ni namba tu.

7. Soma majani, upepo na udongo. Mambo matatu ambayo kipimajoto hakiyaoni.

*Majani.* Asubuhi bandika tishu kwenye jani la ndani ya mti na jani la nje. Rudia kila baada ya saa moja hadi tishu itoke kavu. Andika saa. Hiki ni kipimo kizuri cha ugonjwa kuliko kingine chochote, kwa sababu kuvu wengi wanahitaji jani libaki limelowa kwa saa kadhaa ndipo waingie.

*Upepo.* Funga vipande vya kanga kwenye vijiti, kimoja kila kituo. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa, kusi kuanzia Aprili hivi na kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka, na juu yake kuna upepo wa bahari unaoamka kabla ya adhuhuri. Kigamboni utauona wazi. Kibamba utafika umechoka.

*Udongo.* Chimba sentimita 30, chukua konzi, finya. Mchanga wa Kigamboni utamwagika vidoleni siku chache baada ya mvua. Udongo mwekundu wa upande wa Pugu utabaki tonge. Kisha jaza shimo hilo maji, yakiisha jaza tena. Kama kesho yake asubuhi maji bado yamo, usipande mpapai hapo hata upewe mche bure.

8. Fuatilia zamu za misimu. Sasa una daftari. Hivi ndivyo utakavyolisoma.

*Kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari.* Tofauti ya joto kati ya vituo huwa kubwa. B ndiyo mbaya: jua la alasiri, tofali, na bati linalorudisha mwanga. Matunda yanayotazama magharibi huungua upande mmoja, doa likawa la njano kisha la kahawia. C ndiyo paradiso ya miche. Weka matandazo ya nyasi kavu kwa unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina, maana matandazo yakigusa shina huliozesha. Mwagilia asubuhi, na maji uyapeleke hadi ukingo wa matawi, kwani huko ndiko kuna mizizi mingi inayokunywa.

*Masika, Machi hadi Mei.* Mawingu yakitanda, A, B na C hukaribiana kwa joto, na mtu anaweza kudhani hakuna cha kupima. Hapo ndipo tishu na shimo vinapochukua kazi. C iliyokuwa paradiso sasa majani yake hayakauki hadi mchana, na chule (ugonjwa wa kuvu) inaanza kama madoa meusi kwenye majani machanga ya mwembe. Bondeni maji yanasimama; mpapai ukikaa na mizizi ndani ya maji siku mbili tu unaweza kuwa umekwisha, na dalili yake ni kunyauka, ndiyo maana watu huongeza maji. Parachichi nalo huozewa mizizi kwa namna hiyo. Chimba mfereji mwezi Februari, wakati ardhi bado inakanyagika. B, adui wa Januari, sasa ndiyo sehemu inayokauka mapema kuliko zote.

*Kipupwe, Juni hadi Agosti.* Kwa mwenye miembe hiki ndicho kipindi cha kukaa macho. Usiku unapoa hadi kama nyuzi 19 au 20, mvua inapungua, kusi inavuma. Mwembe uliokomaza majani yake na ukapata ukavu na ubaridi kidogo ndio unaotoa maua. Ule ulio karibu na tanki linalovuja, au karibu na mboga unazomwagilia kila jioni, unaendelea kutoa majani mapya kwa raha zake. Hapo ndipo ilipo tofauti yako na jirani, kabla hujaanza kutafuta dawa ya kuleta maua. Acha kumwagilia miembe mikubwa kuanzia mwisho wa masika, na urudi na maji matunda yakiwa yamefikia ukubwa wa gololi. (Miche ya chini ya miaka mitatu haimo kwenye mpango huu. Yenyewe inywe.)

Maua yakitoka, angalia kona zenye umande mwingi na upepo mdogo. Usiku wa baridi kidogo, hewa yenye unyevu na mchana mkavu ni karamu ya ubwiri unga: ua linafunikwa na kitu cheupe kama limenyunyiziwa sembe, kisha linakauka na kupukutika. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaujua vizuri na huukabili kwa salfa. Salfa inatumika kwenye mwembe pia, kwa kufuata kipimo cha kwenye lebo, lakini asubuhi na mapema. Ukiipulizia jua likiwa kali inaunguza majani na maua yenyewe.

Upande unaopigwa na kusi una shida nyingine, maua yanapepetwa na udongo unakauka upesi. Panda kizuizi cha upepo upande wa kusini mashariki, kiwe cha miti inayopitisha hewa kidogo. Ukuta mzito hurusha upepo juu na kuuangusha kwa vurugu upande wa pili. Mstari wa miti hupunguza kasi yake hadi umbali wa karibu mara 10 ya urefu wake.

*Vuli, Oktoba hadi Desemba.* Karibu tarehe 9 Oktoba jua linapita utosini, na kivuli cha ukuta mchana kinakaribia kwisha. Mvua ni za kubahatisha, zikinyesha kwako zinaruka Mbagala. Amini kopo. Matunda yanakomaa na inzi wa matunda wanaongezeka. Wanapenda kivuli chenye unyevu, kwa hiyo anzia C kuokota na kufukia maembe yaliyoanguka.

9. Peleka kazi kwa kona badala ya kalenda. Chukua ukurasa mmoja, gawa safu tatu kwa A, B na C, na uandike kazi ya kila msimu. Chombo chako kikubwa ni panga la kupogolea: baada ya mavuno, kabla ya masika, fungua katikati ya mti wa C ili hewa ipite na majani yakauke mapema. Matawi makubwa yaliyofunuliwa ghafla yapake chokaa nyepesi yasiungue. Usipogoe mwembe Mei au Juni, utaamsha majani wakati unataka maua. Miche mipya ya B ipande mwanzo wa masika iote mizizi kabla ya kiangazi, na ya C subiri mvua kubwa zipungue. Kwenye pasheni, ukanda huu wetu wa joto chagua ya njano. Ile ya zambarau ni ya nyanda za juu na hapa itakupa majani ya kutazama.

Kila ukipogoa, kujenga au kukata mti, andika tarehe. Ulichopima kabla ya hapo kilikuwa cha shamba jingine.

Mambo yakikwama

*Vituo vyote vinasoma sawa.* Kama ni Aprili, ni kawaida. Kama ni Januari, vituo vyako viko karibu mno au vibanda havipitishi hewa. Hamisha B ikaribie ukuta, mita moja hivi, na usome saa tisa alasiri.

*Kipimo kinaonyesha unyevu 99 siku nzima.* Maji yameingia, au buibui amejenga ndani. Fungua, kausha kivulini, rudia hatua ya 4.

*Kopo lina maji na hakuna mvua.* Muulize mwenye mbuzi, au kijana aliyenyweshea bustani kwa mpira. Inua kopo juu ya kigingi cha mita moja.

*Msomaji wa asubuhi anaandika namba zinazofanana kila siku.* Anaziandika akiwa kitandani. Mwambie atume picha ya kipimo kwa WhatsApp, na mlipe vocha.

*Mti mmoja unanyauka ndani ya kituo kizuri.* Usilaumu hewa. Chimba pembeni ya mizizi: kama udongo umelowa na mizizi ni ya kahawia na laini, ni kuoza; kama ni mkavu, maji yako hayafiki chini. Mchwa pia huchagua mti mmoja.

*Mwembe una maua upande mmoja tu.* Angalia upande usio na maua umetoa majani mapya lini. Matawi ambayo majani yake bado ni laini na mekundu hayachanui msimu huo. Subiri mwakani, na usiruhusu maji ya bafuni yaelekee huko.

*Jirani amepandisha ghorofa.* Jua la asubuhi limekwenda, na pengine kusi imekatika au imeongezeka kwenye uchochoro. Pima upya vituo vya upande huo tu, Januari na Julai. Miche uliyopanga kuipanda hapo iweke pembeni hadi upate namba za Julai. Kama majani hayakauki kabla ya saa tano, peleka limau na mwembe kwingine na hapo jaribu migomba.